Malindi hadi Taita kwa gari la kulala, paka na mbwa wakiwamo: nani amewahi?

FundiWaMajahazi, Malindi

Assalaam alaykum jamaa zangu.

Mimi ni fundi wa majahazi hapa Malindi, miaka 30 na ushei nashika tezo na keekee. Mwaka jana nilinunua Toyota HiAce iliyokuwa matatu, kwa jirani aliyechoshwa na barabara ya Mombasa. Kitabu cha gari kimeshabadilishwa, mstari wa manjano nimeufuta. Viti vya abiria nimeng'oa vyote, nikajenga kitanda, kabati mbili, meza ya kukunja na tangi la maji la lita 60. Mbao ni mvule uliobaki kwenye jahazi la mtu. Na kila kiungo, kuanzia sakafuni mpaka darini, nimekipiga kalafati ya pamba, yaani nimekiziba mianya yote, na kukipaka sifa, mafuta ya papa, kama chombo cha baharini. Nilimwambia mwanangu aelekeze mpira wa maji madirishani nusu saa nzima, hata tone halikuingia. Mama watoto akasema hilo si gari, ni dau lenye magurudumu.

Mwezi wa nane tunataka kutoka, mimi na yeye, wiki tatu. Kwanza milima ya Taita, halafu Taveta, tuzunguke Loitokitok tuutazame Kilimanjaro kwa upande wetu wa Kenya, na mafuta yakiruhusu tufike Nanyuki. Umri huu wote, mlima niliowahi kuupanda ni vilima vya mchanga vya Mambrui.

Shida ni abiria wengine wawili, ambao hatuna wa kumwachia. Kuna Nahodha, paka dume wa miaka minne. Nilimkuta kitoto ndani ya ngama, chini kabisa ya mashua iliyoletwa kutengenezwa, macho bado hayajafunguka vizuri. Gari amepanda mara moja tu, kwenda kudungwa sindano, na alilia njia nzima watu wakidhani nimeiba mtoto. Halafu kuna Tarishi, mbwa wetu wa shamba huko upande wa Gede, kilo 20 hivi. Wenye hoja ya najisi nawaheshimu, lakini tusifungue mlango huo hapa. Mbwa ni wa ulinzi, na hali wala halali tunapolala na kusali sisi. Ndiyo maana naumwa na kichwa. Shambani ana kibanda chake. Mlimani atalala wapi?

Njia nimefikiria ile ya Sala, tukate Tsavo tutokee Voi, maana ramani inaonyesha ni karibu zaidi. Na mama watoto amesikia Taita kuna baridi ya kung'ata, anataka tubebe jiko dogo la makaa tukiwashe ndani usiku. Mnasemaje?

Halafu kitu kingine kidogo. Nahodha analamba kuta. Ni ile sifa ya papa. Kila nikifungua mlango namkuta ulimi ukutani kama anayepiga msasa.

Lakini nasema hivi: Malindi hii ilipeleka twiga China mwaka 1415, kwa bahari. Mimi nitashindwaje kupeleka paka Wundanyi?

KijanaWaShela, Malindi

Shikamoo fundi. Sifa ya papa, ndani ya gari lisilopitisha hewa, saa saba mchana, jua la Mackinnon Road. Naomba nikuage kabisa.

DerevaMstaafu, Voi

Waalaykum salaam fundi. Nimeendesha lori Mombasa–Nairobi miaka 22, sasa napumzika hapa Voi na goti bovu.

Njia ya Sala isahau. Ni fupi kweli: Kakoneni, Langobaya, mpaka langoni. Ila ukipita lango hilo umeingia Tsavo Mashariki, na wanyama wa kufugwa hawaruhusiwi ndani ya mbuga za taifa, hata awe paka ndani ya tenga na mfuniko juu. Mimi mwenyewe nilirudishwa hapo zamani na mbwa wa shemeji, nikabishana, nikatukana kimoyomoyo, nikageuza gari. Baadaye nikaelewa. Mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa uitwao distempa ulipiga simba wa Serengeti, ukaua karibu theluthi moja yao, na mbwa wa vijiji vya kandokando ndio waliohusishwa. Kwa hiyo askari wa langoni hakuonei.

Wewe shuka na barabara ya Kilifi. Ukifika Mavueni kata kulia, Kaloleni, utokee Mariakani. Mombasa huna haja ya kuiona. Toka Mariakani ni lami moja mpaka Voi, malori mengi, ondoka usiku wa manane ili Maungu upite kabla jua halijakaa sawa. Hapo kati usimshushe mbwa kukojoa popote unapojisikia. Barabara inapita kandokando ya Tsavo Mashariki, tembo wanavuka. Simama penye vituo vya mafuta na watu. Vivyo hivyo ukitoka Mwatate kwenda Taveta, kile kipande cha Maktau hadi Mbuyuni: madirisha juu, mguu kwenye mafuta.

Na Nanyuki elewa vilevile. Mlima Kenya wenyewe, malango ya Sirimon, Naro Moru na Chogoria, huko ni mbuga, Tarishi hapiti. Utautazama ukiwa chini. Batian ni mita 5,199, hauhitaji kuusogelea ili uuone, unahitaji kuamka alfajiri kabla mawingu hayajaufunika. Kilimanjaro hali kadhalika ukiwa Loitokitok. Saa nne asubuhi umeshajifunika buibui. Mpaka wa Tanzania usivuke na hao wanyama bila vibali vyao, hata kwa soda moja.

Sasa gari. Mvule, tangi la lita 60, kitanda, watu wawili, mbwa. HiAce ile ni nzito kuliko unavyodhani. Hilo tangi umeliweka wapi? Kama liko nyuma kabisa, mbele kutakuwa kwepesi na usukani utaelea ukikata kona. Wewe fundi wa vyombo, nikwambieje: maji yako ndiyo farumi, uzito wa kutuliza chombo. Yakae chini, katikati.

Mwatate kwenda Wundanyi ni kilomita 15 hivi, lakini ni kona juu ya kona, na upande mmoja unaona mapaa ya nyumba za watu kwa chini. Kupanda, tazama geji ya joto, na rejeta ikichemka usifungue kifuniko. Kushuka ndiko kunakoua. Shuka na gia ya pili, iweke *kabla* ya mteremko, si katikati, kama unavyopunguza tanga kabla ya upepo. Mwaka mmoja nilishuka hapo na pikapu ya rafiki, nikijifanya mjuzi, mguu kwenye breki tangu juu. Nusu ya njia nikasikia harufu ya ukwaju ulioungua. Nikakanyaga, pedeli ikazama kama mguu kwenye tope la mikoko. Nilisimamishwa na lundo la kokoto za watengeneza barabara. Tangu siku hiyo nashuka taratibu na wanaonipigia honi nawaambia watangulie wao.

MamaNyau, Langoni, Lamu

Fundi, hujambo. Mimi mambo ya gia siyajui. Paka nawajua, na Lamu hapa hata kama hutaki utawajua.

Nilisafiri na paka wangu Shombo kutoka Amu mpaka Limuru kwa binti yangu alipojifungua. Boti hadi Mokowe, kisha gari ya mkwe, Witu, Garsen, Malindi kwenu, na kuendelea. Kwa hiyo ninachokwambia nimekipata kwa mikwaruzo.

Kosa lako la kwanza, usisubiri siku ya safari. Huyo Nahodha anza kumlisha ndani ya gari tangu leo, gari likiwa limesimama. Alale humo. Paka hafuati mtu, anafuata mahali, basi gari ndilo liwe mahali. Baada ya wiki liwashe bila kwenda popote. Kisha mzungushe mpaka sokoni na kurudi. Mimi sikufanya hivyo, na Shombo alinitapikia mkobani kabla hatujafika Garsen. Siku ya safari asile kitu saa nne au tano kabla, maji tu. Mtie tengani, si mikononi, na tenga ulifunike kwa leso uliyolalia, isiyofuliwa. Harufu yako itamtuliza kuliko maneno yako. Tenga lifungwe kwa kamba, maana breki moja tu na tenga limekuwa jiwe.

Kujisaidia, wewe una bahati: maranda yako ya karakana. Beseni pana, maranda vidole vinne, atajifukia mwenyewe na harufu haitoki. Chukua gunia zima.

Sasa nisikilize kwa hili, maana utaponyesha mmoja uue mwingine. Kabla ya safari utataka kumwogesha Tarishi dawa ya kupe. Vizuri, kupe wa bara si mchezo. Lakini dawa nyingi za kupe za mbwa zina permethrini, na hiyo kwa paka ni sumu. Wakikaa gari moja, paka akamlalia mbwa au akalamba alipogusa, atatetemeka mpaka afe. Muulize daktari wa mifugo dawa isiyo na kitu hicho, mwambie wazi kwamba kuna paka ndani. Na paka wako akipata mafua huko baridini usimpe panadoli, hata robo. Panadoli inaua paka. Nimeona kwa macho yangu kwa jirani, mtu mwema kabisa, alidhani anasaidia.

Chanjo ya kichaa wadungwe wote wawili, angalau mwezi mmoja kabla, na cheti kikae ndani ya gari pamoja na kitabu cha gari. Mwenye uwanja wa kulala kambi akikataa mbwa, cheti ndicho kinachomlainisha.

Limuru nilikipata kisa. Asubuhi ya pili Shombo hayupo. Baridi ile, ukungu huoni mkono wako. Nimeita, nimelia, nimetikisa kikopo cha dagaa mtaa mzima na buibui langu, Wakikuyu wananitazama. Mkwe akasema ngoja niwashe gari nikamtafute barabarani. Ile amefungua mlango, nikasikia "nyau" nyembamba, kama inatoka chini ya ardhi. Alikuwa juu ya injini. Gari lilirudi usiku, injini ilikuwa na joto, akapanda kwa chini akajikunja pembeni ya mkanda wa feni. Ufunguo ungezungushwa nusu tu, nisingekuwa na paka. Alitoka mweusi tii kwa grisi, na alikuwa mweupe.

Basi huko mlimani kila asubuhi, kabla ya ufunguo, piga boneti viganja viwili na uhesabu vichwa.

Kuhusu kulamba sifa: futa kwa maji ya moto na sabuni na ndimu. Si sumu kubwa, lakini atakuharishia.

FundiWaMajahazi, Malindi

Bi MamaNyau shukrani, nimemsomea mama watoto neno kwa neno na tulipofika ile ya injini akafumba macho. Dereva, tangi liko nyuma kabisa. Nitalihamisha. Ulipotaja farumi niliona haya peke yangu chumbani, hilo ningemgombeza mwanafunzi wangu.

Bado mbwa na jiko.

MkulimaWaWesu, Taita

Karibuni kwetu. Mimi nalima kabeji na maharagwe juu ya Wundanyi, upande wa Wesu. Nimesoma hadithi yako yote fundi na kitu kimoja kimenitisha kuliko breki na tembo. Kalafati yako.

Umesema hata tone haliingii. Basi hata pumzi haiingii. Halafu mnataka kuwasha makaa humo, mfunge, mlale. Nitakwambia kisa chetu. Mimi na kaka yangu tulikuwa tunalinda mahindi yasiliwe na nguruwe, tukajenga kibanda cha mabati, tukaziba mianya yote kwa magunia kwa sababu ya ukungu. Jiko katikati. Tulikuwa na kuku wawili kwenye tenga karibu na mlango, tuwapeleke sokoni asubuhi. Niliamka usiku kichwa kinapasuka, miguu si yangu, nikadhani ni homa. Nikatambaa, nikauangukia mlango ukafunguka. Hewa ile ya baridi ndiyo iliyonirudisha. Kaka nilimvuta kwa miguu, akatapika, akapona. Kuku walikuwa wamekufa wamekaa, vichwa vimeinama, kama wamelala. Makaa hutoa kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, inaingia kwenye damu inakaa pahali pa oksijeni. Husikii chochote. Unasinzia tu, na kwa baridi unaona raha.

Kwa hiyo jiko la makaa lisiingie garini, hata likiwa jivu la kufa. Na gesi mpike mlango ukiwa wazi. Na hilo dau lako litoboe. Tundu moja chini karibu na sakafu, jingine juu upande wa pili, kila moja upana wa kiganja, weka wavu wa mbu. Yakae wazi usiku kucha hata kama mama analalamika.

Joto mtapata kwingine. Kila ukipanda mita 1,000 hewa inapoa kama digrii 6. Vuria, kilele chetu kirefu, ni mita 2,208. Ukiacha Malindi digrii 27, huku juu siku ya mawingu ni 14 au chini, na Agosti ni mawingu mengi. Blanketi nzito mbili, soksi, na chupa za maji ya moto zilizoviringishwa kwenye taulo, moja yenu, moja ya paka, moja ya mbwa. Hiyo inatosha. Chakula, maji huku yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha, kama digrii 93, maharagwe yatakutesa. Beba sufuria ya presha au pika ndizi.

Tarishi asilale nje. Ana manyoya mafupi ya pwani, na usiku mbwa wa huku wana wilaya zao. Ukienda upande wa Nanyuki sababu inakuwa nyingine. Chui, nyama anayoipenda ni mbwa, na kamba uliyomfungia haimsaidii mbwa, inamsaidia chui. Lakini nimeelewa hutaki alale mnaposali. Basi gari lako lina mlango wa nyuma. Tangi unaliondoa. Jenga kizuizi cha mbao, nyuma ibaki yake, aingilie mlango wa nyuma na kutokea huko huko. Nanyi na paka mwe mbele.

Neno la mwisho, na hili naomba kama mwenyeji. Misitu yetu imebaki vipande vidogo, Ngangao, Mbololo, vichaka vya Vuria. Humo kuna ndege wawili, apalisi wa Taita na mkesha wa Taita, ambao hawapo popote pengine duniani. Wachache mno, na wanashuka chini kutafuta wadudu. Nahodha ni paka wa mashua, najua atafanya nini. Mbele ya msitu abaki ndani, au atembee kwa kamba.

KijanaWaShela, Malindi

Paka kwa kamba Wundanyi sokoni. Nalipa nauli nije nione.

DerevaMstaafu, Voi

Mkulima amesema kweli kuhusu mlango wa nyuma. Omo, yaani mbele, yenu; tezi, yaani nyuma, ya mbwa. Ukifika Voi nipigie honi, nyumba ya pili baada ya mti wa mbuyu ulioandikwa tangazo la tairi. Chai ipo, na nitatazama breki.

FundiWaMajahazi, Malindi

Jamaa, narudi na ripoti.

Jiko limebaki nyumbani. Nilimweleza mama watoto habari ya wale kuku waliokufa wamekaa, akalibeba mwenyewe akalirudisha jikoni bila neno.

Matundu nimetoboa. Sitaki kujigamba, lakini iliniuma. Miaka 30 kazi yangu ni kuziba, nimeshika keekee mbele ya ubao nilioukalafati kwa mkono wangu nikasimama pale kama mtu anayetaka kuchinja mbuzi wa mwenziwe. Unga wa mvule ukaanza kumwagika, mara nikaona mwanga wa nje kupitia ukutani. Nilihisi maji yataingia. Nahodha akaja akachungulia tunduni, upepo ukampiga masharubuni, akapiga chafya. Nimeweka wavu.

Tangi liko katikati chini ya kitanda. Tezi imejengwa, ubao wa kimo cha kifua, gunia la maranda chini, blanketi kuukuu juu. Daktari wa mifugo amewadunga wote, cheti ninacho, na dawa ya kupe alitubadilishia mara tu nilipotaja paka. Sifa nimesugua kwa ndimu, imebaki kona moja tu ambayo bado analamba kwa siri.

Paka ana wiki mbili analala garini na sasa hataki kurudi nyumbani. Jana niliwasha injini, hakufungua hata jicho moja.

Tatizo ni Tarishi. Nimemfungulia mlango wake wa nyuma siku tatu. Anakaa mita mbili, ananusa, anaweka masikio chini. Nimemwekea mfupa ndani. Anautazama mfupa, ananitazama mimi. Nikimvuta kwa kamba anakita miguu yote minne kama nanga. Na Jumatatu alfajiri tunaondoka.

MamaNyau, Langoni, Lamu

Usimvute. Kaa wewe humo tezini, na chai yako, mlango wazi, usimwangalie. Kaa tu.

FundiWaMajahazi, Malindi

Niko humo sasa hivi, naandika kwa simu, magoti yamegusa kidevu. Mama watoto amepita mara mbili akicheka. Chai imekwisha.

Ameweka miguu miwili ya mbele.